Mtu kamshika mwanao, unampiga mpaka wapi? Maswali yenu na majibu

Maswali ya hii mada yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, inaonekana kila mzazi ana kisa chake cha "siku ile nusura niue mtu". Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha. Angalizo moja tu, mimi sio wakili wako na sheria za nchi na nchi zinapishana, kwa iyo kama tayari una kesi usikae hapa kunisoma, tafuta wakili leo.

SWALI: Mtu nisiyemjua akimkamata mwanangu akaanza kumvuta, naruhusiwa kumpiga kiasi gani? (Baba wa mapacha)

Kiasi cha kumfanya amwachie.

Najua ulitaka jibu refu zaidi, haya. Ukienda mahakama nyingi duniani utakuta wanauliza mambo matatu: hatari ilikuwepo pale pale (au ulikuwa na sababu ya kuamini ipo), nguvu ilihitajika, na nguvu yenyewe ililingana na hatari. Mtu anamvuta mtoto wako na wewe ukamtia ngumi ya uso, ukamng'ata, ukampiga teke la goti, sidhani kuna hakimu atakaekuuliza mbona hukumwomba kwa upole kwanza. Akiwa na kisu kipimo kinapanda, akiwa ni mlevi anaeyumba tu anataka kumsalimia mtoto kwa nguvu kipimo kinashuka, hapo kumwondoa mkono na kusimama katikati kunatosha.

Na usiogope sana hii habari ya "kulingana", hakuna anaekudai upime ngumi zako kwa mizani ya sonara. Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika mwaka 1921 kwamba huwezi kumdai mtu tafakuri ya utulivu wakati kisu kimeinuliwa mbele yake. Baraza la Privy la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, mwaka 1971 nalo likasema anaejitetea hawezi kukadiria kwa usahihi kabisa nguvu anayohitaji. Wajerumani wameliandika kabisa kwenye sheria yao ya jinai, kifungu cha 33, ukipitiliza mipaka ya kujitetea kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au hofu hauadhibiwi. Ila angalia maneno yenyewe, woga na hofu, hasira haimo.

Sasa shida inaanzia hapa. Jamaa kamwachia mtoto, kaanguka chini au anakimbia. Ngumi tatu za kwanza ulikuwa unamlinda mwanao, ya nne unajilipia mwenyewe, na hiyo ya nne ndo itakayosomwa mahakamani. Alafu jiulize, ukiwa unamkimbiza huyo mtu mtaa wa tatu, mtoto umemwacha na nani? Mshike mwanao, piga kelele, angalia jamaa kavaa nini na kaelekea wapi, piga simu polisi. Mapacha ndo kabisa, umemwokoa mmoja mwingine yuko wapi.

SWALI: Mtoto wa miaka 12 alikuwa anampiga wangu wa miaka 7 uwanjani. Nilimsukuma akaanguka akavunjika mkono, sasa wazazi wake wamekuja juu. Nilikosea? (Mama G)

Kuingilia hukukosea. Kusukuma ndo kuna maneno. Wewe ni mtu mzima, huyo wa miaka 12 kwa mwanao ni jitu lakini kwako bado ni mtoto, na hapo sheria na utu vinasema kitu kimoja, ungeweza kumshika mikono, kumvuta wako nyuma yako, au kupaza sauti tu, watoto wengi wa umri huo wakisikia sauti ya mtu mzima wanatawanyika kama kuku. Kama alikuwa ameshika jiwe anataka kumponda nalo kichwani hiyo ni hadithi nyingine, ila hujasema hivyo na naamini ungelisema.

Dada, nenda kwa hao wazazi leo, usisubiri wakuite. Sema ulichokiona, sema ulichofanya, usianze na "lakini mtoto wenu". Gharama za hospitali jitolee. Kama kuna mtu aliona kuanzia mwanzo ongea nae mapema wakati bado anakumbuka vizuri.

SWALI: Nimegundua mtu wa karibu na familia alikuwa anamgusa vibaya binti yangu. Silali. Nataka kumfuata nimmalize, naomba usiniambie habari za subira. (Bila jina)

Pole sana kaka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sitakuambia subira.

Nikupe visa viwili. Mwaka 2012 kule Texas baba mmoja alimkuta mtu akimnajisi binti yake wa miaka 5, akampiga kwa mikono mitupu, yule mtu akafa. Huyo baba mwenyewe ndo aliepiga simu ya dharura akiomba msaada uje haraka. Baraza la wananchi linaloamua kama mtu ashtakiwe lilikataa kumshtaki. Alimkuta mtoto yumo ndani ya hatari, akamtoa, alafu akaomba msaada hata kwa yule aliempiga.

Kisa cha pili ni Ujerumani, mji wa Lübeck, mwaka 1981. Marianne Bachmeier aliingia na bastola kwenye chumba cha mahakama akampiga risasi mtu aliekuwa anashtakiwa kwa kumuua binti yake wa miaka 7. Dunia nzima ilimwonea huruma, hata mimi nikiisoma roho inauma, lakini mwaka 1983 alihukumiwa miaka 6 jela. Kwa nini? Maana mtoto alishakufa na yule mtu alikuwa tayari mikononi mwa sheria, kilichobaki kilikuwa kisasi. Marehemu wote wawili walikuwa watu wabaya, tofauti ya hizi kesi ni saa tu.

Na kuna kingine kinachonisumbua zaidi ya jela. Mwaka 1984 baba mmoja wa Baton Rouge, Marekani, alimuua kwa risasi mwalimu wa karate aliemteka na kumnajisi mwanae, mbele ya kamera za televisheni uwanja wa ndege. Yeye alikwepa jela, alipewa kifungo cha nje. Lakini mtoto alipokua alisimulia hadharani kwamba mwanzoni alimkasirikia baba yake, maana yeye alitaka yule mtu aache tu, hakutaka afe. Yaani mtoto akabebeshwa na hilo juu ya yale mengine. Binti yako sa hivi pengine anakuangalia usoni kuona kama kusema kwake kumeleta balaa nyumbani, baba akifungwa atahesabu ni kosa lake, watoto ndo wanavyohesabu.

Kwa iyo nguvu uliyonayo itumie hivi. Huyo mtu asimfikie tena mtoto, kuanzia leo, hata kama familia nzima itanuna. Mwambie binti neno moja, nakuamini, na kosa sio lako, alafu acha kumhoji tena na tena, mahojiano waachie waliosomea, maana ukimuuliza mara kumi wakili wa upande wa pili atasema umemfundisha. Kama tukio la mwisho ni la juzi juzi, hospitali leo hii, dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo bora. Nguo alizovaa usizifue, weka kwenye mfuko wa karatasi, sio nailoni, unyevu unaharibu ushahidi, na kama inawezekana asioge kabla ya kuonwa na daktari. Alafu polisi. Ukimpiga yule mtu kwanza, yeye ndo atakuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa, na akikiri huku umemkaba shingo kukiri kwake hakuna thamani. Usimzawadie hiyo.

Na tafuta mtu wa kukaa nae usiku huu, usikae peke yako na hayo mawazo.

SWALI: Nilimkaba mwanaume niliemwona amembeba mwanangu anaelia, kumbe alimwokota kapotea. Ningeshtakiwa? (Mzee wa pupa)

Jina umejipa mwenyewe! Ila karibu chamani, mimi yalinikuta hayo hayo kwenye mkusanyiko mkubwa wa watu, nikamrarua mtu wa watu shati, na yeye muda wote anasema "mama taratibu, ni wako? ni wako?" Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu. Shati nililipa.

Kisheria hili swali lina historia nzuri. New York mwaka 1962 mahakama ya juu ya rufaa ilirudisha hatia ya mtu aliewavaa wanaume wawili waliokuwa wanamkamata kijana, hakujua kama ni askari kanzu. Hoja yao ilikuwa ukimtetea mtu unavaa viatu vyake, na kwa vile kijana hakuwa na haki ya kupigana na polisi na wewe hukuwa nayo, hata kama moyo wako ulikuwa safi. Uingereza ikaja kesi inayofanana nayo sana, mtu kamwona kijana anakokotwa na kupigwa akaingilia, kumbe yule anaekokota alikuwa anamkamata kwa wizi. Mwaka 1983 majaji wa rufaa wakasema apimwe kwa yale aliyoamini kweli wakati ule, hata kama aliamini kimakosa, wakafuta hatia yake. New York nayo ilishabadilisha sheria yake miaka michache tu baada ya ile hukumu, sasa anaangaliwa mtu alieamini hivyo kwa sababu ya maana.

Kwa iyo kukosea kwa nia njema nchi nyingi kuna utetezi. Ila kadri ulivyotumia nguvu kubwa ndivyo utakavyoulizwa kwa nini hukuuliza kwanza. Sekunde moja ya kusema "huyo ni mwanangu, mshushe" haikupunguzii kitu, mwizi wa watoto akisikia hivyo anakimbia, msamaria anakukabidhi.

SWALI: Na mbwa je? (Shangazi mtu)

Mbwa hana wakili shangazi, nguvu yoyote inayomtoa. Ila usimvute mtoto wakati meno yameshazama, nyama inachanika. Ingiza kitu mdomoni au katikati, begi, koti, fimbo, kama ana mkanda wa shingo usokote mpaka akose pumzi aachie. Akishaachia, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 ukiangalia saa, alafu chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo hata kama mkwaruzo ni mdogo, ule ugonjwa dalili zikishatokea karibu kila mtu anakufa.

SWALI: Anaempiga mtoto wangu ni baba yake mwenyewe, anaita nidhamu lakini juzi alimpiga na waya mpaka akazimia. Naweza kumzuia kwa nguvu au ndo navunja ndoa? (Mama mwenye hofu)

Mama, mtoto kuzimia sio nidhamu. Haki ya kumtetea mtoto haimwangalii anaepiga ni nani, mume, mjomba, bibi, wote sawa. Kumshika mkono, kuchukua ule waya, kumsukuma atoke juu ya mtoto, vyote hivyo ni ulinzi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 19, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya ukatili wa wazazi wake pia.

Lakini nakuonya kwa upendo, ukipambana na mtu mwenye nguvu kukushinda ndani ya chumba kimefungwa mnaweza kuumia wote wawili. Nguvu yako kubwa ni mlango. Chukua mtoto ondoka, nenda kwa ndugu anaeaminika au jirani, mtoto aonwe na daktari hata kama ameamka anacheza, maana kuzimia kunaweza kuficha jeraha la kichwa, na daktari aandike alichokiona. Alafu ripoti polisi au ustawi wa jamii. Habari ya ndoa tutaijadili mkiwa salama.

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 alikimbilia barabarani, nikamvuta mkono kwa nguvu na nikampiga kofi ili akumbuke. Mume wangu anasema nimekosea, mimi nasema nimemwokoa. (Mama Zu)

Mmepatia wote. Kumvuta ni kumwokoa, hata ungemvuta kwa nywele ningekutetea. Kofi lilikuja gari likiwa limeshapita, lilikuwa la hofu yako sio la usalama wake, na wa miaka 3 anakumbuka mama kapiga, gari hata halimo kwenye kumbukumbu. Sweden walipiga marufuku kabisa wazazi kuchapa watoto mwaka 1979, wa kwanza duniani, na bado wanawakataza barabara, kwa hiyo njia zipo. Mshike mkono kabla hamjafika ukingoni, kila siku, mpaka uchoke, ndo dawa yenyewe.

Ila huo mkono uliouvuta uuangalie. Watoto chini ya miaka 5 kiwiko chao kinateguka kirahisi sana ukiwavuta ghafla au kuwanyanyua kwa mkono mmoja. Kama anauacha unaning'inia ubavuni, hataki kuutumia hata kushika anachokipenda, na analia ukiugeuza, mpeleke hospitali, mara nyingi daktari anakirudisha kwa sekunde chache tu bila upasuaji na mtoto anaendelea kucheza. Usijaribu mwenyewe kwa kuangalia video.