Msumeno wa meza: angalia fensi kabla hujatoa pesa

Juzi dada mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Tumevunja kikoba, nina 1,400,000 mkononi. Nataka msumeno wa meza niuweke nyumbani, nitengeneze vitanda na makabati ya jikoni. Dukani wananiambia ule wa wati 2,000 ndio wenye nguvu. Nichukue?"

Marahaba, dada yangu. Meseji yako nimeirudia mara tatu. Mwaka 2021 swali hilo hilo lilikuwa langu, na sikuwa na wa kumuuliza ila muuzaji. Nilichojibiwa kilinigharimu pesa, mbao, na heshima yangu kwa wakwe.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto moja na mimi. Banda nyuma ya nyumba, mabati sita juu, harufu ya mninga asubuhi ya Jumamosi, na samani ambayo mgeni akiikalia anauliza imenunuliwa wapi. Ukishaanza kuota hivyo, msumeno wa mkono unauona kama adhabu. Kupasua ubao wa futi 12 kwa mkono, mstari ukikupotea katikati, huwa unatamani kulia. Kwa hiyo mtu anakusanya pesa, anakwenda mjini, anauliza mashine yenye nguvu.

Nilikwenda Kariakoo na nauli ya basi kutoka Morogoro, wakati huo treni ya umeme bado. Duka la kwanza, la pili, la tatu, kote niliuliza nguvu ya mota na upana wa bledi, lile duara la meno linalokata. Niliponunua, kijana wa dukani alinifungulia boksi, akachomeka, mashine ikalia kwa kelele kubwa, nami nikaona huo ndio ushahidi wa nguvu. Nikalipa. Hakuna aliyeniambia nishike fensi.

Fensi ni ile reli ya pembeni ambayo mbao inaiegemea wakati inapita kwenye bledi. Ndiyo inayoamua upana wa unachopasua. Ikikaa sambamba na bledi, vipande ishirini vinatoka pacha. Ikipinda hata kidogo, kila kipande kina upana wake, na mota ya farasi kumi haitakuokoa.

Shemeji yangu alikuwa anaoa. Alinipa kazi ya kabati la nguo, milango minne ya mninga, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Mninga nilioununua ulikuwa mzuri kiasi kwamba mke wangu alikuwa akija bandani kuushika tu. Nikapasua fremu zote usiku mmoja. Kesho yake nilipozipanga, vipande ambavyo nilikuwa nimevipimia milimita 70 vilikuwa na 70 upande mmoja na 68 upande wa pili. Vingine 71. Nikadhani mkono wangu ndio mbovu. Nikaranda, nikapasua tena, nikaranda tena, mpaka fremu zikawa nyembamba na mbao zikaniishia. Milango haikufungika sawa. Siku ya kuleta vyombo nyumbani kwa maharusi, mbele ya wazee na mashangazi, shemeji akasema mwalimu angebaki na chaki yake. Watu wakacheka. Ni miaka sasa, na bado nikilikumbuka neno lile kifua kinanibana. Pesa yake nilimrudishia yote, na hakuna aliyelisimulia hilo.

Mwezi uliofuata mashine ile ile nusura inimalize. Nilikuwa napasua kipande kifupi cha mvule. Ilipofika katikati, mbao ikajibana kati ya fensi na meno ya nyuma ya bledi, ikarudi kwa kasi ya jiwe la teo na kunipiga chini ya kitovu. Nilikaa sakafuni muda mrefu, mota ikiendelea kulia juu yangu. Kuna kile kisu kidogo cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge na kulikaba jino. Nilikuwa nimekitoa siku ya kwanza, kwa sababu kijana wa dukani alisema mafundi wote hukitoa.

Niliyoyajua baadaye nilifundishwa na mzee mmoja wa Keko, Dar es Salaam, mtu wa samani tangu ujana wake. Nilimpelekea picha za vipande vyangu kwenye simu. Hakuuliza mashine ni ya kampuni gani. Aliuliza, "Mwanangu, fensi yako umeipima?" Sikujua hata inapimwaje. Akanionyesha palepale kwenye mashine yake, kazi ya dakika tano.

Chomoa umeme kwanza. Chagua jino moja la bledi, liwekee alama ya kalamu. Lizungushe lije mbele, pima kutoka kwenye jino hilo hadi kwenye ule mfereji uliochongwa juu ya meza. Zungusha bledi mpaka jino lile lile liwe nyuma, pima tena. Vipimo viwili vikifanana, bledi imekaa sawa na meza. Halafu sogeza fensi ikae kando kidogo ya mfereji, ifunge, pima nafasi mbele na nyuma. Ifungue, isogeze, irudishe, ifunge, pima upya. Fanya mara tatu. Fensi nzuri inarudi palepale kila mara. Fensi mbaya kila ukiifunga inakaa mahali pengine. Mwisho, shika ncha ya nyuma uisukume kwa kidole gumba: ikicheza, iache hapo dukani. Na kama lazima ikosee, heri ifunguke nyuma kwa unywele mmoja kuliko kubana kuelekea bledi, maana ikibana ndipo mbao inaporudi, kama iliyonipata mimi.

Niliporudi nyumbani na kuipima yangu, ilikuwa inabana nyuma kwa milimita 2. Milimita mbili! Zile zile zilizoniaibisha harusini. Ile bati ya fensi ilikuwa laini, nikiinyoosha leo kesho imepinda. Nikaiuza kwa fundi wa mageti, nikamwambia wazi kasoro yake, akatoa nusu ya bei niliyonunulia.

Ya pili nilisubiri miezi kumi na moja. Nilikosa nyingi njiani. Moja ilikuwa nzuri sana, meza ya chuma cha kusubu, imetoka Marekani, bei ya kutupa. Mzee akanizuia. Mota ya namna ile imetengenezewa volti 120 na hezi 60 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde), umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma itashusha volti, lakini hezi zitabaki zile zile, na mota ya mkanda itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita huku ikichemka. Niliumia kuiacha. Niliyoipata hatimaye ni kuukuu, mota ya mkanda, haipigi kelele, meza yake nzito mpaka tulihitaji watu wanne kuishusha. Fensi yake nikiifunga, ni kama imechomelewa. Mwaka jana nimetengeneza nayo mabenchi kumi na mawili ya kanisa la mtaani kwetu, miguu yote imepasuliwa kwa kipimo kimoja, na nilipoyapanga sakafuni hakuna lililotikisika hata moja. Shemeji alikuwepo siku ya kuyaweka wakfu. Alikaa benchi la pili.

Kwa hiyo dada, wati 2,000 si mbaya, wala si sababu ya kununua. Mashine ndogo za kubebeka karibu zote zina mota ya kaboni, zinapiga kelele na zinachoka zikipasua mbao nene siku nzima, lakini kwa paini ya huko kwenu inatosha kabisa. Bledi ya milimita 254 ukiisimamisha wima inapita kwenye mbao ya inchi tatu bila shida. Tatizo la paini ya Mafinga ni ubichi. Mbao mbichi ikipasuliwa inajikunja na kujifunga nyuma ya bledi, kwa hiyo kile kisu cha nyuma usikitoe, hata akikuambia fundi mwenye ndevu nyeupe. Kikikosekana kwenye boksi, hiyo mashine si yako.

Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ina meno 40 hivi, ya kila kazi. Nunua nyingine ya meno 24 kwa ajili ya kupasua kwa urefu. Meno machache yanatoa pumba haraka na mbao haiungui. Pima tundu la katikati kabla hujanunua, kuna ya milimita 30, ya 25.4 na ya karibu 16, na tundu lisilolingana na shafti usilitengenezee kwa bati. Siku ukipata mvule, kagua kwanza: mti huo huwa na mawe ya chokaa ndani yake, na jino la bledi likikutana na jiwe linang'oka. Vumbi lake pia linakamata kifua, funga barakoa. Waya wa kuongezea usiwe wa pasi, chukua wa milimita za mraba 2.5, mfupi kadiri unavyoweza.

Kuna walioniuliza juu ya zile SawStop za Marekani, ambazo bledi ikigusa kidole inasimama ndani ya milisekunde chache. Ni kweli zipo, na zimeokoa vidole vingi. Ila bei yake ni mbali na kikoba, breki ikishafyatuka katriji, yaani kasha la breki hiyo, inabadilishwa nzima, na mbao iliyolowa sana inaweza kuifyatua bure. Kwa mbao zetu hilo si jambo dogo. Kinga yako wewe ni kisu cha nyuma, kijiti cha kusukumia mbao, na kusimama pembeni ya njia ya bledi.

Ndugu zangu, acheni kununua kelele. Naona picha mnazonitumia, mashine mpya, boksi, na hakuna hata mmoja aliyepiga picha ya fensi. Mnanunua ili mtaa usikie. Mteja hatakuja kusikiliza mota yako, atafungua mlango wa kabati. Mheshimuni mteja kabla hamjamwona. Heshimuni mbao, mninga uliokaa porini miaka mingi kuliko umri wenu hamwezi kuukata kwa fensi ya bati laini na kulala usingizi. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mimi niliuharibu.

Dada, nenda dukani asubuhi ya katikati ya wiki, kabla wateja hawajajaa. Chukua tepu yako, kalamu, na kipande cha mbao cha futi mbili ulichokiranda ubavu mmoja ukanyooka. Omba fensi ifungwe upime mara tatu. Kisha omba upasue hicho kipande, upime mbele, katikati na nyuma. Muuzaji akikataa, ifunge hiyo milioni na laki nne kwenye khanga urudi nayo nyumbani. Wiki ijayo nipigie, nina fundi wa Iringa mjini anayetaka kuuza ya kwake, na fensi yake niliifunga mwenyewe mwezi uliopita.