Ndovu hapigiwi honi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, ungethubutu kuendesha gari peke yako hadi kaskazini mwa Kenya?" Mimi nimeshaendesha, kwa hiyo la kuthubutu naliacha. Linalonikera ni jingine: kwa nini mtu akionekana peke yake garini, hasa akiwa mwanamke, kila mtu anakimbilia kumtafutia wa kumsindikiza?

Nilipotangaza hapa Nakuru kwamba naenda kumwona binti yangu anayefundisha Marsabit, shemeji yangu alinitajia majambazi, simba, jangwa na pancha, kwa mpangilio huo. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Nyahururu. Kisha akajitolea kunisindikiza: mafuta yangu, chakula changu, na redio achague yeye.

Nilikataa, na nilipoketi kuandika haya nilikuwa na jibu moja tu: nenda peke yako. Ukiwa na watu huoni kitu. Mmoja ana njaa, mwingine anataka kupigwa picha, wa tatu anasimulia siasa za kaunti kutoka Subukia mpaka Nanyuki. Peke yako unasimama unapotaka na unanyamaza utakavyo. Timau ni baridi ya sweta na kofia. Ukishaanza kuteremka kwenda Isiolo joto linakupokea, ngano inaishia nyuma na migunga inaanza. Na ile barabara ya kutoka Isiolo si ile tuliyosimuliwa, ya changarawe za kung'oa meno na malori yaliyokwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Siku hizi ni lami hadi Moyale, kama kilomita 500. Cha kuchunga ni mbuzi na ngamia.

Halafu kuna wanyamapori, na hapa lazima niwaeleze wasiokaa Nakuru. Sisi tumelelewa kando ya mbuga ya kitaifa, lakini wanyama wetu wako ndani ya ua wa umeme. Tuna vifaru, tuna nyati, tuna nyani wa kukunyang'anya ndizi mkononi. Ndovu hatuna. Mtu anaweza kuzeekea Nakuru, akapita kando ya ule ua kila siku, ndovu akamjulia kwenye kalenda tu.

Sasa, kabla hujafika Archer's Post, mji mdogo mbele ya Isiolo, hifadhi ya Shaba iko kulia na Buffalo Springs iko kushoto, barabara kuu inapita katikati, na wanyama hawana habari kwamba hiyo ni barabara. Niliwaona kwanza punda milia wa Grevy: milia myembamba, tumbo jeupe, masikio makubwa ya duara. (Jina hilo ni la Jules Grévy, aliyekuwa rais wa Ufaransa. Punda wa Isiolo na rais wa Ufaransa, haya.) Mbele kidogo magari hayakuwepo kabisa, ila niliona vumbi jekundu likitoka upande wa Shaba.

Nilisimama. Walikuwa ndovu, wa rangi ya udongo ule ule, si kijivu kama wa kwenye kalenda. Wa kwanza akapanda lami, akageuka kunitazama, akafungua masikio. Mkono wangu ulikuwa juu ya honi, maana kwetu honi ndiyo salamu na ndiyo matusi, na hapo ndipo dirisha likagongwa. Kijana, fimbo begani, miguuni akala, mbuzi wake nyuma yake wametulia tuli.

"Mama, zima gari. Na hiyo honi wacha."

Nikazima. Akasimama ubavuni mwa gari, mkono juu ya paa, akanisomea wale wanyama mmoja mmoja. Huyu wa mbele hana shida, akifungua masikio na kuinua kichwa anakutisha tu. Akiyalaza nyuma na kukunja mkonga, "hapo mama, kwisha." Yule wa nyuma ndiye wa kuangalia, "iko na mtoto." Kwa nini wanapepea masikio hivyo, wana hasira? "Joto tu."

Nilichostaajabia ni ukimya. Miguu mikubwa vile na huisikii ikikanyaga. Nilisikia matumbo yakinguruma, na vijiti vikivunjika. Yule mtoto alipofika katikati ya lami alisimama akaupapasa mstari mweupe kwa ncha ya mkonga, taratibu, kama kipofu anayetafuta kizingiti. Akaufuata mstari hatua chache kuja upande wetu. Mama yake akageuka. Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Usisonge," na mimi ambaye nimetumia nusu ya barua hii kusifu upweke, nilimshika mkono kupitia dirishani sikumwachia mpaka wa mwisho akazama vichakani kuelekea mtoni.

Nikamwuliza, haogopi kuchunga peke yake? Akashangaa. "Niko na mbuzi."

Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya anayeuawa na ndovu, na wenyeji wanalalamika kila mwaka kwamba hailipwi kwa wakati. Kijana yule hushindania kisima na ndovu hao hao kwa miguu. Mimi nilikuwa ndani ya bati, na maji ya chupa. Hapo ndipo maneno yangu ya ushujaa yananipungukia hata ninapoyaandika.

Marsabit kwenyewe, kwao Ahmed, yule ndovu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi akafa mwaka 1974, sikuona ndovu hata mmoja. Niliona ukungu.

Basi uamuzi wangu, baada ya yote hayo: usiende peke yako. Lakini pia usiende na shemeji. Endesha mwenyewe hadi Isiolo, na kama utaingia hifadhini chukua mwelekezi wa pale pale, mlipe vizuri, na redio uizime. Nasema hivi kwa safari ya mchana na ya barabara kuu. Njia za pembeni siziwezi kuzisemea, na kabla ya kuondoka Isiolo uliza wenyeji hali ya usalama, maana wakati wa ukame na wizi wa mifugo mambo hubadilika upesi. Sisemi pia umbebe yeyote anayepunga mkono.

Binti yangu akisoma haya atasema nimemgeuka, maana yeye hiyo njia huisafiri kwa basi la usiku, amelala. Kuhusu hilo bado tunabishana.