Gitaa baada ya miaka hamsini: robo saa kwa siku inatosha

Wenzangu wa rika langu hapa Mikindani huniuliza sana: umri huu, vidole vitakubali kweli? Vinakubali. Kinachomsumbua mtu mzima ni masikio. Sisi tumekulia kwenye muziki wa dansi redioni. Solo la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, wengi tunalifuata kwa mluzi mpaka mwisho. Mtoto akipiga kodi yake ya kwanza (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikakwaruza, anacheka na kuendelea. Mzee ikimkwaruza anaona haya, maana anajua kabisa ilivyotakiwa kulia. Wengi huliweka gitaa chini hapo hapo, kisha lawama wanavitupia vidole.

Dawa niliyoiona ni kufupisha mazoezi, lakini kila siku. Sauti mbaya ya robo saa inavumilika. Ya saa mbili haivumiliki, wala na wewe wala na watu wa nyumbani. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba ni mizani, stakabadhi, na wakulima wanaotaka kujua mnada umetoa bei gani. Ningejipangia saa nzima, gitaa lingelala mpaka msimu uishe. Robo saa huipata hata siku hizo, baada ya Isha, wakati chakula kinaandaliwa. Halafu kuna hili: kodi iliyokukatalia usiku, asubuhi yake unaishika kana kwamba kuna mtu alikufanyia mazoezi ukiwa usingizini. Mkono unajifunza na ukiwa umepumzika. Ndiyo maana robo saa ya kila siku inaishinda Jumapili moja ya saa mbili, ingawa ukizijumlisha dakika zinakaribiana.

Litundike gitaa ukutani, sebuleni, mahali unapopita. Likikaa kwenye mfuko wake nyuma ya kabati, utatafuta sababu ya kutolitoa.

Anza kwa kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila moja ilie inavyotakiwa. Programu za bure zipo kwenye simu. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Usiruke hatua hii, kwani gitaa lililolegea nyuzi hukufanya ujione huna kipaji. Baada ya hapo chukua kodi mbili tu na ukae nazo wiki nzima. Mimi ningekupa A ndogo (huandikwa Am) na C, na sababu yake ni hii: ukiwa umeshika A ndogo, kidole cha shahada kipo uzi wa pili freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), cha kati uzi wa nne freti ya pili, cha pete uzi wa tatu freti ya pili (tunahesabu kuanzia uzi mwembamba). Kwenda C, viwili vya kwanza havitoki mahali pake. Cha pete peke yake ndicho kinachoruka hadi uzi wa tano, freti ya tatu. Ruka, rudi, ruka, rudi, polepole, ukisikiliza kila uzi kama umelia au umekufa. Wanaoanza wanainua vidole vyote kila mara, na hapo ndipo wimbo unapokatika.

Mwalimu wangu ni mpwa wangu, kijana anayepiga besi kwenye maharusi. Maneno yake yaliyonisaidia kuliko video zote: "Mjomba, usibonyeze kwa nguvu, bonyeza karibu na chuma." Kidole kikikaa jirani kabisa na freti, nguvu kidogo inatosha na uzi haukwaruzi. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe fupi. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, kisha zitaota sugu, hilo ni la kawaida. Kiwiko au kiganja kikiuma, hiyo si sugu. Acha, nyoosha mkono, endelea kesho.

Kama bado hujanunua, nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa vidole vyetu. Ila gitaa lililotengenezwa kwa nailoni usilifunge nyuzi za chuma hata muuza duka akikuapia, kwa kuwa mvuto wake ni mkubwa na unaweza kung'oa daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Angalia pia nyuzi zisikae juu sana ya shingo. Magitaa mengi ya bei rahisi yana ugonjwa huo, na fundi mzuri huzishusha. Kwetu pwani hapa hewa ya chumvi inakula chuma, kwa hiyo kila ukimaliza pitisha kitambaa kikavu kwenye nyuzi. Mimi nyuzi za akiba naagiza Kariakoo, zinakuja na basi.

Na F kubwa, ile inayotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, iache mwaka wa kwanza. Piga F hiyohiyo iliyofupishwa kwa nyuzi nne, au funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya kwanza upige umbo la E, itatoka F ileile. Mpwa wangu hapa hatuelewani. Anasema huko ni kukwepa na nitaijutia. Lakini yeye ana miaka ishirini na tatu, na kesho hana mizani ya kusimamia.