Nairobi imefungwa na mimi siwezi kumwambia mama

SWALI: Anti salama. Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma Nairobi, sema tangu chuo kifungwe Machi sababu ya corona niko huku kwetu Kitale na wazazi na wadogo zangu. Naomba usinitukane. Mimi napenda wasichana, nina mpenzi, huu ni mwaka wa pili, yeye alibaki Nairobi na Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia. Nyumbani hawajui. Tunalala watatu chumba kimoja kwa hiyo kumpigia siwezi, nikichati naandika nafuta. Wiki ya tatu hii usingizi umepotea, nakula kijiko kimoja nashiba, nalia nikiosha vyombo. Mama anauliza ni mwanaume gani kaniharibu, anataka nikaombewe kwa pasta. Nimwambie tu ukweli yaishe? Na je mimi ni mgonjwa?
Wa Kitale, Juni 2020

JIBU: Mdogo wangu, sikutukani. Nianze na hilo la mwisho. Kupenda wasichana si ugonjwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa hayo mambo kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, juzi tu mwezi uliopita imetimia miaka 30, kwa hiyo hapo pasta hana cha kutoa. Ila kukosa usingizi, chakula kukataa kupita, kulia kila siku, hayo yakishavuka wiki mbili ni ya kutafutiwa matibabu, hiyo ndio depresheni, wengine wanaita sonona, na ina dawa. Usichanganye hivyo vitu viwili, mama yako ndio anavichanganya.

Na wala haikuanguka tu kutoka juu. Chuoni ulikuwa na masaa yako ya kuwa wewe, hosteli, kibanda cha chai, hata kwenye matatu. Corona imekunyang'anya yote kwa wiki moja, sasa unaigiza kuanzia chai ya asubuhi hadi kafyu, halafu usiku unaogopa utaongea usingizini. Nani asingechoka?

Kumwambia mama? Hapana, sio sasa. Najua kuna watakaosema anti mwoga, sawa. Lakini yakiharibika saa mbili usiku utaenda wapi, hosteli imefungwa, Nairobi huingii, saa tatu kafyu imefika. Na polisi usitegemee, ile sheria ya mkoloni inayokataza mapenzi ya jinsia moja bado ipo, Mahakama Kuu ilikataa kuifuta Mei 2019. Hapo Uganda tu, mwisho wa Machi, vijana kama wewe waliokuwa wamepewa hifadhi nyumba moja Kyengera karibu na Kampala walikamatwa eti wanasambaza corona kwa kujaa ndani, karibu 20 wakawekwa jela zaidi ya mwezi mmoja na nusu kabla mashtaka hayajaondolewa. Sikutishi, nataka tu ukisema siku moja useme ukiwa na mlango wako na kodi umelipa mwenyewe.

Kwa sasa mwambie mama kile kipande cha ukweli anachoweza kukibeba: mama sijalala wiki tatu, moyo mzito, nataka kuonana na daktari. Mzazi akisikia usingizi anaelewa. Na habari ya pasta, makanisa si bado yamefungwa? Atakuombea wapi? Sala ya kawaida haikudhuru, ila ukisikia kufungishwa siku tatu bila kula au kuchapwa ili pepo litoke, kimbilia kwa shangazi au jirani unayemwamini.

Halafu simu. Trans Nzoia mwezi huu kazi ya shamba haikosekani, jitolee kupalilia peke yako, ndani ya mahindi nani atakusikia, mpangie saa maalum kila siku mwongee hata dakika 10. Weka lock kwa simu, na usimsevu kwa jina la mwanaume ukidhani ni ujanja, mama akiliona ataanza kuulizia mahari.

Siku hiyohiyo ukiwa shambani piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu, bure, utapata mtu wa kukusikiliza. Mara ya kwanza si lazima useme unampenda nani, anza na usingizi. Ila likikujia wazo la kujidhuru usingoje kesho, piga saa hiyohiyo, hata kama wadogo zako wanasikia.

Na huyo wa Nairobi, aliyefungiwa peke yake huko, umeshamuuliza kama yeye analala?