Usiususie ugali, angalia kilichokaa nao sahani moja

Ukimsikia mtu wa Dar anasema ameanza kupunguza mwili, mara nyingi jambo la kwanza alilofanya ni kususia ugali na wali. Asubuhi chai kavu, mchana vipande vya tikiti, na ikifika saa kumi na mbili jioni anapita kwenye kibanda cha chipsi njaa inamtoa macho. Nimewaona wengi, dukani, kwenye vikoba na kwenye ukoo wetu. Nia wanayo, tena kubwa, ndiyo maana inaniuma kuona inavyopotea bure. Muda utakaokaa umeshiba hauamuliwi na wingi wa wanga peke yake. Unaamuliwa na aina ya wanga huo, na zaidi sana na protini iliyokaa nao sahani moja.

Mimi ni muuza vitenge Kariakoo. Kazi yetu ni kusimama kutwa, kukunjua na kukunja, na kazi ya namna hiyo inakufundisha haraka chakula kipi kinakaa tumboni. Nikinywa chai ya sukari na maandazi, saa nne tumbo limeshaanza kunguruma, mikono mizito, na mteja akiomba punguzo najiona nimekuwa mkali bila sababu. Nikila mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu, au mbaazi za nazi na chapati moja, adhana ya adhuhuri inanikuta niko sawa kabisa. Wazee wa Pwani waliokuwa wakifungua siku kwa bakuli la mbaazi hawakusoma lishe popote, lakini kifungua kinywa chao kilikuwa bora kuliko cha wengi wetu leo.

Nieleze kwa nini. Wanga ukiliwa humeng'enywa kuwa glukosi, yaani sukari, na kuingia kwenye damu. Kadiri ulivyokobolewa na kusagwa laini, ndivyo vimeng'enya vinavyoufikia upesi, na hapo ndipo walipo sembe, mkate mweupe na maandazi. Sukari inapanda ghafla, kongosho linatoa insulini kwa wingi, insulini inaisukuma sukari kwenye misuli, ini na mafuta ya mwili, na kwa baadhi yetu inashuka hadi chini ya pale ilipokuwa kabla ya kula. Mwaka 2021 watafiti wa King's College London na wenzao walitoa matokeo ya watu zaidi ya 1,000 waliovalishwa vifaa vya kupima sukari mfululizo. Wale ambao sukari yao ilishuka sana saa mbili mpaka nne baada ya kula walisikia njaa zaidi, na kwa siku nzima walikula takribani kalori 300 zaidi ya wale ambao haikushuka vile. Kalori 300 hazipishani sana na chapati moja ya mafuta. Mtu akiongeza chapati moja kila siku bila kujua, mwisho wa mwaka anashangaa nguo zimembana.

Protini nayo ina kazi yake nyingine. Ikifika kwenye utumbo, kuta za utumbo hutoa homoni kama GLP-1 na PYY, ambazo hulipunguzia tumbo kasi ya kumwaga chakula na kuupa ubongo habari kwamba mwili umepata. Ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, inashuka na kukaa chini kwa muda. Halafu kuna gharama ya uchakataji. Katika kila kalori 100 za protini, mwili hutumia kati ya 20 na 30 kuimeng'enya na kuishughulikia. Kwa wanga ni 5 hadi 10, na kwa mafuta ni 3 au chini ya hapo. Ukisikia watu wanazungumzia chakula kinachochangamsha umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia chakula, msingi wake mkubwa ni huo. Basi kabla hujatoa hela yako kununua chai ya kuyeyusha kitambi, nunua samaki.

Kuna hoja moja ambayo kila nikiifikiria naona inatuhusu sisi hasa. Mwaka 2005 watafiti Stephen Simpson na David Raubenheimer walieleza wazo kwamba mwili una kiwango cha protini unachokitafuta, na chakula kikiwa na protini kidogo mtu ataendelea kula mpaka akifikie, hata kama njiani anabeba wanga na mafuta kupita mahitaji yake. Sasa iangalie sahani yetu ya mchana. Mlima wa wali, mchuzi, na vipande viwili vya nyama vinavyotafutwa kwa kijiko. Mtu anaumaliza mlima wote, saa kumi anatafuta kashata. Wenzake wanamwita mlafi, kumbe mwili wake bado unaidai protini ambayo haukupewa.

Kwa mama ntilie ndipo pa kuanzia, kwa sababu wengi wetu mchana tunakula hapo. Huyu wa mtaa wetu anapima wali kwa bakuli la plastiki, anaushindilia na mwiko, kisha analifunika bakuli juu ya sahani na kuliinua, wali unabaki umesimama kama kichuguu. Maharage anamwagia pembeni, upawa mmoja usiojaa. Nilimwambia, "Dada, niwekee nusu bakuli ya wali, maharage nijazie pawa mbili, na mchicha." Akanitazama. "Mdogo wangu, utashiba kweli na kutwa umesimama?" Nikamwambia nitashiba. Siku hizi akiniona tu anageuza vipimo mwenyewe, na wauzaji wenzangu wawili wanaagiza hivyo hivyo. Maharage ni rahisi kuliko nyama, kwa hiyo kubadilishana naye wali kwa maharage si jambo gumu. Omba tu, kwa adabu, usione aibu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: protini ipi inashibisha zaidi? Watu wanatarajia nitaje nyama. Mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, wakawauliza kila dakika 15 kwa saa mbili wanajisikiaje. Mkate mweupe ukapewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Samaki walipata 225, nyama ya ng'ombe 176, maharage 168, mayai 150. Samaki wakaongoza kundi la protini, na maharage yakawa bega kwa bega na nyama. Karanga, ambazo tunazitafuna kwenye foleni tukidhani ni chakula chepesi, zilipata 84 tu, chini ya mkate, kwa sababu kalori zake nyingi ni za mafuta na kipimo chenyewe kinaenea kiganjani. Zina faida zake karanga, lakini usizitegemee kushiba.

Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Copenhagen nacho kikawapima vijana 43 wa kiume. Walipokula mlo wa maharage na njegere, kwenye mlo uliofuata walikula kalori pungufu kwa asilimia 12 kuliko siku waliyokula mlo wa nyama. Siri kubwa ni nyuzinyuzi. Nyama haina hata kidogo, ilhali kunde, choroko, dengu, mbaazi na maharage zinakuja na protini, nyuzinyuzi na wanga unaomeng'enywa polepole, vyote punje moja. Na kwa sisi wala ugali kuna faida nyingine: mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya sehemu zinazojenga protini, maharage yanayo ya kutosha; maharage yana upungufu wa methionini, sehemu nyingine kama hiyo, mahindi yanajazia. Ugali na maharage ni protini iliyokamilika, na yeyote anayekuita maskini kwa kula hivyo mwache aseme. Tumbo likijaa gesi, loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale kabla ya kupika.

Dagaa je? Dagaa waliokauka, takribani nusu au zaidi ya uzito wao ni protini, na unamla mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalisi, madini ya kujenga mifupa, unaipata hapo hapo. Tatizo ni kwamba tunawakaanga mpaka wanaelea kwenye mafuta. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto, wapike na nyanya, kitunguu na limao, mafuta kijiko kimoja. Ukipata nafasi ya kufika soko la samaki la Feri asubuhi, vibua wabichi bado ni kitoweo cha mtu wa kawaida.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima mwenye afya ni angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 70 anahitaji kama gramu 56 kwa siku. Mayai mawili ni gramu 12, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 22, glasi ya maziwa 8. Umeshafika, na hujagusa kuku wa kukaanga. Nakusihi tu uigawe tangu asubuhi, usiirundike yote usiku.

Turudi kwenye wanga, maana hapa pana mambo yanayoshangaza. Katika vipimo vile vya Sydney, chakula kilichoshibisha kuliko vyote 38 kilikuwa viazi mviringo vya kuchemsha, alama 323. Chipsi, ambazo ni viazi hivyo hivyo, zilipata 116. Kiazi kile kile! Cha kuchemsha kimejaa maji, kalori 240 zake ni sahani nzima. Ukikitumbukiza kwenye mafuta, maji yanatoka, mafuta yanaingia. Viazi vitamu navyo vinataka kuchemshwa, kwa sababu vikichomwa vinapandisha sukari haraka zaidi. Kwa hiyo usimlaumu kiazi kabla hujauliza amepikwaje.

Kiporo nacho kina heshima yake. Wanga ulioiva ukipoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa wanga sugu, ambao vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviuwezi, na bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoula. Wali uliolala kwenye friji na kupashwa moto unapandisha sukari kidogo kuliko ule uliotoka jikoni. Tofauti si kubwa, lakini ipo. Ila kwa joto la jiji hili nasema kwa msisitizo: usiuache wali kwenye sufuria mezani mpaka asubuhi. Kuna bakteria wanaozaana humo na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha. Upoze upesi, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake. Kama umeme umekatika usiku kucha, umwage.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu inabaki na pumba na kiini, yaani nyuzinyuzi, vitamini na protini kidogo ya ziada. Lakini dona iliyosagwa laini kama poda haipishani na sembe kwa kiasi ambacho watu wanadhani, na rundo la dona bila kitoweo litakuacha na njaa vile vile. Ukinunua mahindi Tandale usage mwenyewe, chagua yaliyokauka vizuri, yasiyo na ukungu. Mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 uliua watu kwenye mikoa ya kati, na pumba ni sehemu mojawapo ambamo sumu ile hujikusanya.

Vinywaji sitavizungumzia sana. Chupa ndogo ya soda ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na ubongo hauihesabu kama chakula. Unakunywa na bado unakula sahani ile ile. Juisi ya miwa ni hivyo hivyo.

Mama yangu ana kisukari, na kwake tulianza na jambo moja lisilogharimu chochote: anakula mboga na kitoweo kwanza, ugali mwisho. Utafiti wa Weill Cornell, New York, wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili mpangilio huo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, chakula kikiwa ni kile kile. Kwa mama tuliliona kwenye kipimo chake cha nyumbani. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga kwa uamuzi wake, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Azungumze kwanza na daktari wake. Mwenye ugonjwa wa figo pia asiongeze protini kabla ya kupimwa.

Na watoto jamani. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, na kikombe cha uji wa sembe wenye sukari, darasani saa tatu anasinzia, mwalimu anasema mvivu. Uji wake upike na maziwa, au koroga ndani kijiko cha karanga safi zilizosagwa, mpe na yai la kuchemsha kila unapolipata. Ukiwa na haraka asubuhi, mayai yachemshe usiku, yakishapoa yahifadhi kwenye friji na maganda yake.