Kuzima lokesheni hakutoshi

Umeuliza kama ukizima lokesheni serikali haiwezi kujua ulipo. Hapana ndugu yangu, ile inazibana programu tu, simu yenyewe ikiwa na laini inaongea na minara muda wote ili ipate netiweki, na kampuni ya simu inabaki na rekodi ulikuwa karibu na mnara upi na saa ngapi, hiyo ndo serikali inaenda kuiomba. Hata wasisikie neno hata moja la simu zako, wakiona tu kwenye rekodi umempigia daktari wa saratani, dakika mbili baadae mama yako, halafu watu wa bima, si wameshajua kila kitu? Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia kazi NSA, shirika la ujasusi la Marekani, alionyesha kwamba shirika hilo lilikuwa linakusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu wasio na kosa lolote, na hilo ndo linaniuma kwa kweli. Data ikishawekwa inakaa, serikali ya leo unaiamini sawa, ya kesho je? Ongea kwa Signal, programu ya meseji na simu inayofunga mazungumzo wengine wasiyasome, futa programu zinazotaka lokesheni bila sababu, na kama unaenda mahali hutaki kujulikana simu iache nyumbani.