Nilifika getini, nikamwambia boda ageuze

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni seremala, nina miaka 41, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilianza na ujimbi, pombe ya kienyeji, siku za Jumapili, sasa ni pombe kali kila siku. Asubuhi nisipotoa loki, yaani nisipokunywa kidogo kwanza, mikono inatetemeka, hata mstari wa penseli kwenye ubao siwezi kuupiga. Mke wangu amerudi kwao Kondoa na watoto. Muuguzi mmoja alinielekeza kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanakutana Jumamosi jioni. Nilienda. Getini nikamwona mzee wa jumuiya yetu anaingia, nikamwambia boda ageuze. Usiku huo nililala grosari. Je, nirudi? Hawatanitangaza? – Fundi, Nkuhungu.*

Marahaba, mwanangu. Rudi. Ila kabla ya Jumamosi kuna Jumatatu, na Jumatatu nataka uwe hospitali.

Nasema hivyo kwa sababu ya hiyo mikono. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unachachamaa: jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Wengine huanguka kama wenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, wengine siku ya tatu huanza kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo. Arosto ya pombe, yaani hali hiyo ya mwili kuikosa, inaweza kuua, na nimesikitika mara nyingi kuona mtu anafungiwa chumbani na ndugu zake ili "aache". Usijaribu hivyo. Mwambie daktari ukweli wa unachokunywa, chupa kwa chupa, usipunguze hata moja. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo, na mara nyingi watakuongezea vitamini B1, maana pombe huimaliza mwilini.

Najua nikitaja Mirembe utashtuka. Hapa kwetu mtu akifanya jambo la ajabu kidogo tu anaambiwa huyo ni wa Mirembe, na neno hilo limewazuia wengi kutibiwa. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, na uraibu ni miongoni mwa yale wanayoyatibu. Ukiona pazito, anzia General, hospitali ya mkoa, ueleze shida yako, watakuelekeza. Hapo hapo uliza na habari za vikundi, au muulize ofisa ustawi wa jamii. Hicho ulichoonyeshwa kikikushinda kwa umbali au kwa saa, yapo pia makundi yanayokutana kwa simu.

Sasa hofu yako. Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu kwenye mkutano wa namna hiyo, ule ulio wazi hata kwa ndugu; mingine ni ya wenyewe tu, kwa hiyo uliza mapema ukitaka kwenda na mtu. Nilitegemea mahubiri. Nikakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai, na watu kama kumi hivi. Mmoja akataja jina lake la kwanza, akasema mimi ni mlevi, akasimulia jinsi alivyouza cherehani ya mkewe. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyempa ushauri. Alipomaliza walimshukuru, akafuata mwingine. Mdogo wangu alishika kikombe kwa mikono miwili chai isimwagike, na zamu yake ilipofika akasema, "Leo nasikiliza tu." Wakamwitikia vizuri, wakaendelea. Hilo nawe unaruhusiwa.

Vikundi vingi hufuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Huko hakuna kiingilio wala ada, kuna mchango wa hiari tu, na sharti la kujiunga ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Wanamtaja Mungu, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomwelewa, na hawako chini ya dhehebu lolote. Yanayosemwa mle hubaki mle. Siwezi kukuapia kwa niaba ya kila mwanadamu, ila kila aliyekaa pale ana siri yake mikononi mwa wenzake.

Tena chama hicho kilianza na watu wawili tu. Mwaka 1935 Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio, mambo yake yameharibika, ana miezi michache tu tangu aache pombe, na baa ya hoteli ipo karibu. Akashika simu, akawapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mmoja, Bob Smith. Tazama alichokitafuta: mtu anayeijua asubuhi ile ya mikono kutetemeka. Mkeo anakupenda, padri anakuombea, lakini asubuhi ile hawaijui.

Ukiteleza, rudi wiki inayofuata ukaseme umeteleza. Usimwite mkeo arudi kutoka Kondoa kwa ahadi, ameshazisikia. Mpigie uwaulize watoto hali, umwambie ulipokwenda Jumatatu, basi.

Na yule mzee wa jumuiya, mwanangu, getini alikuwa anakwenda wapi? Jumamosi ukimkuta, mwamkie, uvute kiti ukae karibu naye.